Kamera ya Chumba Chetu

Jumatatu, 3 Machi
Uji hauna sukari tena. Kwangu ni sawa, nina kisukari. Sidi, tunayelala naye chumba kimoja, hana. Amekunywa nusu akageuza uso. Hawezi kulalamika, kiharusi kilimchukua ulimi na mkono wa kulia. Nalalamika mimi kwa niaba ya wote wawili. Madam, mwenye nyumba hii ya wazee, hanipendi. Nami simpendi.

Saa nne akaingia Furaha, binti yake Sidi, na fundi nyuma yake. Kamera. Wameiweka juu ya kabati, inaangalia vitanda vyote viwili. Furaha ameona alama kwenye mkono wa mamake, anataka kujua zinatoka wapi. Ataangalia kwa simu akiwa kwake Magongo.

Mimi sikuulizwa. Nikasema, "Na mimi je?"
Madam akajibu, "Ni kwa usalama wenu, Mwalimu."

Usalama. Tangu nikatwe mguu naogeshwa chumba hiki hiki, juu ya kiti cha plastiki.

Jumatano, 5 Machi
Nimebadilisha nguo chini ya shuka. Asubuhi yote imeishia hapo. Nimefundisha Mtopanga maisha yangu yote, wazazi walikuwa wakiniona wanazima sigara. Leo najificha na sidiria kama mwizi.

Nimempigia mwanangu Charo, yuko kazini Changamwe kwenye malori. Nikamweleza habari ya kamera. Akasema, "Mama, vumilia kidogo. Mke wangu hana mgongo wa kukuinua." Hilo sikumuuliza.

Jioni nimelia. Si sana.

Ijumaa, 7 Machi
Furaha amekuja na mapapai. Akanishika bega. "Pole, Mwalimu. Juzi nilikuona ukilia."

Mumewe alikuwa mlangoni. Akaangalia chini. Kumbe na yeye aliniona.

Walipotoka nikasogeza kiti cha magurudumu mpaka kabatini, nikatundika leso kwenye ncha ya mkongojo, nikaifunika ile kamera. Mara mbili ilianguka. Ya tatu ikakaa. Nimefurahi vibaya.

Jumamosi, 8 Machi
Furaha kapiga simu ofisini. Wakaja wakatoa leso. Nikairudisha. Kapiga tena. Safari hii Madam akaniletea simu kitandani.

"Mwalimu, nakuomba. Ni mamangu."
"Na mwili ni wangu. Njoo uigeuze iangalie kitanda chake peke yake."
"Fundi hapatikani mpaka Jumatano."
"Basi itakaa gizani mpaka Jumatano."

Akakata. Hana adabu. Leso imebaki. Madam naye akaiacha, nadhani imemfaa.

Jumapili, 9 Machi
Vero ndiye anayetuosha na kutulisha. Msichana wa bara, ana mikono ya kubeba magunia. Leo ameiona leso akacheka. "Mathe, umeniokoa wallahi. Hiyo kitu ilikuwa inanichunga kama mwizi." Mathe ni mama kwa lugha yao, wallahi kaiokota hapa Mombasa.

Nikacheka naye. Mchana nikawaza: kwa nini amefurahi hivyo? Mimi naoshwa. Yeye anaficha nini?

Jumanne, 11 Machi
Leo naandika yote.

Vero alikuwa ananiogesha. Katikati akasikia Sidi amekohoa, kamwaga uji. Akaniacha kitini na sabuni mwilini, akamwendea. Akamminya pua. Mdomo ulipofunguka akaingiza kijiko, na kijiko, na kijiko. Sidi anapaliwa, macho yamemtoka. Kati ya kijiko na kijiko mkono ule ule ukamfinya ndani ya kwapa, pale pasipoonekana.

"Muachilie!"
Hakugeuka hata. "Utado nini? Huna mguu, mathe."

Kweli sina. Lakini mkongojo ulikuwa ukutani na kabati liko mkono wangu wa kushoto. Nikaivuta leso. Ikaanguka sakafuni penye maji. Nilikuwa mtupu, povu mpaka shingoni, kisiki cha mguu kimetokeza, na kamera inaniangalia usoni. Nikainyooshea kidole upande wa Sidi. Nikapiga kelele, "Furaha! Angalia! Angalia mamako!"

Vero akageuka. Akaiona taa nyekundu ya kamera. Akaachia pua.

Kisha akaja kwangu. Nilidhani atanipiga. Akaokota leso, akanirushia kifuani, akatoka.

Sidi alitapika. Sikuweza kumfikia. Nilikaa na ile baridi nikimwambia pumua, Sidi, pumua, mpaka watu wakaja.

Jumatano, 12 Machi
Furaha aliona; simu yake hulia kamera ikiona kitu kinasogea. Walifika jana ile ile na mumewe, na polisi wa kituo. Vero alikuwa keshaondoka na begi lake. Leo Madam ametangaza kwamba kamera ni marufuku kwa kila chumba, "familia zinatuharibia jina". Hakuna aliyemuuliza Sidi anaendeleaje.

Anahamishwa leo. Ana alama kumi kama si zaidi kwapani. Mimi nalala mita mbili kutoka kwake.

Furaha alifunga nguo za mamake bila kuniangalia. Mwishowe akasema, "Ungeiacha wazi tangu Ijumaa."
"Ungeniuliza Jumatatu."

Wote tulisema kweli. Hatukuagana. Sidi alinipungia mkono wa kushoto, mimi peke yangu.

Jumapili, 16 Machi
Wafanyakazi wamenichukia. Maji ya kuoga ni baridi. Chai inafika na utando. Nikiita najibiwa, "nakuja", na haji mtu. Charo naye aliahidi kuja baada ya kanisa. Hakuja.

Nawachukia pia. Ila nawahitaji, na wanajua.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua tangu alfajiri.

Kitanda cha Sidi kimepata mtu. Bibi mfupi wa Kiembeni, mchangamfu, anasahau. Mwanawe ni kijana wa benki, amempangia viatu chini ya kitanda, jozi kwa jozi. Madam alisimama mlangoni akitabasamu. Kijana akaniamkia vizuri, shikamoo, nikaitikia. Akauliza, "Mama, hapa wanawatunza vizuri?"

Madam ananiangalia. Maji yangu ya kuoga yako mikononi mwake, na chai, na shuka.

Nikamwambia kijana, "Njoo mara kwa mara. Na usipige simu kwanza."

Kijana alinitazama, akamtazama Madam. Akaitikia kwa kichwa. Madam akaondoka.

Mamake ameniuliza jina langu. Nikamwambia, Dama. Baada ya chai akaniuliza tena. Dama, nikasema. Ni jina zuri, akasema. Sasa amelala.