Maua Natuma Mimi, Shukrani Zinakwenda kwa Mdogo Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama umenizidi umri shikamoo, na kama tu rika moja basi nivumilie tu, maana hii ni mara ya tatu naianza barua hii na mara mbili nimeichana.

Mimi ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka na foronya, kutwa nimesimama mbele ya mvuke, huu mwaka wa kumi na moja, na mama yangu yuko mbali, kwenye mji mdogo wa wakulima, barabara moja ya lami, mashine ya kusaga, ghala la mahindi, duka la mbegu na dawa za mimea, basi, ukishapita hapo ni mashamba tena. Baba alipofariki mama aliacha kwenda shamba, akawa analala ameugeukia ukuta, ukimpigia simu anajibu "nipo" halafu kimya, na majirani wakaanza kuniambia njoo umwone huyu mama kabla hajakwisha, na mimi kazini likizo nilishaimaliza kwenye msiba. Basi siku yake ya kuzaliwa ikakaribia nikasema nimtumie maua. Hatujawahi kufanya mambo hayo kwetu, sijui hata nililitoa wapi wazo, labda ni kuona maua kila siku mezani pa wageni. Nikampigia mama wa duka la mbegu, ana waridi nyuma ya duka anazifungia mashada ya mazishi, nikamwambia nifungie za mtu aliye hai. Akacheka, akakubali, akaniandikia na kadi, akapanda pikipiki ya mumewe akapeleka mwenyewe.

Njiani mvua ikamnyeshea, wino wote ukatapakaa. Mama hakuwepo chumbani, alikuwa bafuni, maua yakaachwa kitandani na mwenye duka akawahi kurudi kwa sababu aliacha mlango wazi. Jioni mama akanipigia yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu msiba, na sauti ni ya mtu mzima, mzima kabisa. Akasema, "Mwanangu, mdogo wako kanikumbuka! Kanitumia maua!"

Mshauri, nielewe. Mdogo wangu ni kitinda mimba wetu, na alipokuwa mtoto alikuwa akimchumia mama maua ya maboga, anachapwa, maana kila ua lililochumwa ni boga lililokufa, kesho anachuma tena. Kwa hiyo mama alipoona maua akili yake haikwenda kwingine. Na huyo mdogo wangu ndiye aliyefika kesho yake baada ya mazishi ya baba, kaburi limeshafukiwa, na mama kwa uchungu akamwambia pale mlangoni, watu wote wanasikia, "Ungekuja akiwa hai. Sasa rudi ulikotoka." Akageuka na begi lake begani. Hajarudi mpaka leo, ni miaka mitano.

Nilifungua mdomo nimwambie mama kuwa ni mimi, halafu nikamsikia anacheka na jirani pembeni, nikaufunga. Wiki ile ile akarudi shambani. Sasa ningesema nini? Mwaka wa pili nikatuma tena, nikamwambia mama wa duka asiandike kadi wala asimtaje aliyetuma. Wa tatu vivyo hivyo, na wa nne. Na mama kila mwaka ananipigia kunisimulia maua ya mdogo wangu, na mwaka jana akaongeza, bila ubaya, kwa utani tu, "Mwenzako ananikumbuka kwa maua, wewe ni simu tu." Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo niliyoigeuza chini juu, miguu imevimba, nikasema, "Kweli mama."

Sasa mwezi ujao anatimiza sabini. Akina mama wa kikundi chao cha kilimo wanamwandalia sherehe, na ameshawatangazia kwamba mwaka huu mwanawe ataleta maua kwa mkono wake, na mimi ameniagiza, "Wewe uko naye mji mmoja, mlete."

Nikaenda. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti, karakana yake haiko mbali na kwangu ila sisi si watu wa kutembeleana tena. Akainua ile barakoa ya chuma akanitazama.

"Maua gani?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, nimesimama katikati ya vyuma. Kwanza akacheka. Halafu akazima mashine.

"Na wewe umenyamaza miaka yote hiyo?"

"Ningesemaje?"

"Kwa hiyo unataka niende nikapokee shukrani za kazi ya mtu mwingine."

"Nataka uende tu."

"Alinifukuza mbele za watu, dada."

Nikaaga. Nimefika barabarani akaniita. "Ni maua gani huwa?" Nikamwambia waridi. Akaniuliza mama huyaweka wapi. Nikagundua sijui, sijawahi kuyaona.

Mwenzangu wa zamu ananiambia niandike tu jina la mdogo wangu kwenye kadi nimalize, niseme amesafiri. Lakini nimechoka, mshauri. Nikisema kweli naogopa mama atarudi kuuangalia ukuta. Nikinyamaza naona kama mimi ndiye nisiyekuwepo. Na nikikuambia ukweli wote, kuna siku namchukia mdogo wangu kwa jambo ambalo hata hajalifanya. Nifanyeje?

Mpiga pasi

*

Mpiga pasi, pole. Nimekusoma nikiwa nimekaa, nikaona haya, maana wewe uliandika baada ya kusimama kutwa nzima. Umefanya jambo jema. Ulimwinua mama yako kitandani, na hilo hakuna atakayekunyang'anya, hata usipotajwa.

Sasa nikukaripie kidogo. Unasema unanyamaza ili umlinde mama. Nusu ya hilo nakubali. Nusu nyingine, dada yangu, ni kwamba unasubiri agundue mwenyewe, apige magoti akuombe radhi, alie. Miaka minne unasubiri hapo. Mama yako hana namna ya kugundua, kwa sababu wewe ndiye umemwambia mwenye duka asiandike kadi! Mtu hafungi mlango kwa ndani kisha akalalamika hagongewi.

Na kuna jingine. Umeniandikia kurasa tatu, na nimetafuta mahali ulipoandika kwamba tangu msiba umekwenda kumwona mama. Sikupaona. Mdogo wako kakuuliza swali dogo tu, maua huwekwa wapi, ukakosa jibu. Najua kazi haina huruma. Lakini maua nayo, usiniambie hayakuwa yakikupunguzia deni la kutokwenda. Kwa hiyo huyo mdogo wako usimwone peke yake kuwa ndiye hajarudi.

Hofu yako kwamba ataanguka tena ina maana ukimwambia kwa simu. Akigeukia ukuta huku wewe uko mbali, nani atamgeuza? Usimwambie kwa simu, na usimwambie mbele ya wageni wake, maana akina mama wa kikundi wana masikio, na huyu mzee ana heshima yake.

Omba likizo leo, si kesho. Nenda siku tatu kabla ya sherehe. Asubuhi, mkiwa wawili, mwambie: "Mama, maua nilikuwa natuma mimi. Niliogopa kukuambia kwa sababu ulifurahi." Kisha nyamaza. Usianze kujitetea, usimpake mdogo wako matope, usimtetee pia. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ni ya mtu aliye hai. Akikuuliza kuhusu mwanawe, mweleze maneno aliyoyasema pale mlangoni, kama yalivyo, bila kuyalainisha. Aliyesema husahau, aliyeambiwa hasahau.

Mdogo wako usimburute. Mwambie tarehe, mwambie gari linaondoka saa ngapi, ondoka. Lile neno la mlangoni alilitamka mama, na ni mama wa kuliondoa. Wewe si tarishi wa radhi za watu wazima.

Na mwaka huu mama wa duka aandike kadi, aandike jina lako lote, na aifunge kwenye mfuko wa nailoni.

*

Wasomaji wengi mmeniuliza dada huyu aliishia wapi. Amenijibu wiki hii, namwachia nafasi.

Mshauri, nilikwenda. Nilimkuta jikoni anachambua maharage, nikakaa, nikasema yale maneno kabla sijapoteza ujasiri. Aliendelea kuchambua.

"Yote?" akaniuliza.

"Yote, mama."

"Kwa hiyo miaka yote nakusimanga kwenye simu, na wewe unanisikiliza tu."

"Ndiyo."

"Una roho ngumu wewe," akasema, akainuka na ungo wake akaenda kukaa nje. Nilifua mashuka yake nikayaanika, sikujua pa kuweka mikono. Kisha akaja kusimama karibu na kamba akauliza, "Na yeye anasemaje?" Nikamwambia maneno ya mlangoni, kama yalivyo.

"Sikusema hivyo."

Nikabana kibanio kwenye shuka.

"Nilisema?"

"Ulisema, mama. Watu walikuwepo."

Akashika ncha ya shuka akaivuta ikanyooka, ingawa ilikuwa imenyooka. Hakulala akaangalia ukuta. Alichofanya ni kuniomba namba ya mdogo wangu.

Siku ya sherehe mdogo wangu hakuja. Nilikuwa nimemwambia tarehe na gari, kama ulivyosema, na nilikuwa namwangalia kila anayeshuka stendi. Wageni wakauliza, yuko wapi mleta maua? Mama akanishika bega akasema, "Ni huyu hapa. Mimi ndiye niliyekosea." Wakapiga vigelegele, na nikaona haya kuliko nilivyotegemea, maana miaka yote nilidhani nitafurahi. Maua anayaweka juu ya kabati la vyombo, kwenye jagi la plastiki, na mdogo wangu aliyeniuliza nimeshamwambia.

Watu wakiwa bado wanakula, mama alichukua simu akaingia kwenye mahindi. Kutoka dirishani niliona kitambaa chake cha kichwa tu, kinakwenda, kinasimama, kinakwenda. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi akanawa uso, akaniambia peke yangu, "Sauti yake imekuwa ya baba yenu kabisa." Hakuniambia jingine, na mdogo wangu nilipomuuliza aliniambia tu kwamba mama ndiye aliyeanza kuomba radhi.

Nyumbani bado hajakwenda. Anasema anamalizia geti la mtu. Lakini wanapigiana simu kila Jumapili, mazungumzo marefu, sijui wanaongea nini. Mimi nikitoka zamu napiga, nakuta simu ya mama inatumika. Nakaa kitandani, nainua miguu juu ya mto, nasubiri wamalize.