Mpunga Hula Nini Usiku?

Marahaba, mjukuu wangu Rehema. Sisi hapa Kilosa hatujambo. Shangazi yako wa Mikumi amejifungua binti, na wote wawili ni wazima.

Umeniuliza utafauluje baiolojia ya mwaka wa kwanza, kwa kuwa mimi niliifundisha mpaka nikastaafu. Lakini mwanzoni niliifeli. Nilirudi kijijini kwetu Tindiga likizo nikitaka kuacha chuo. Marehemu mama yangu, ambaye hakusoma, alikuwa anapepeta mpunga, akaniuliza tunafundishwa nini. Nikamkariria kwamba mmea hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

"Sasa usiku unakula nini?"

Nikabaini kosa langu. Daftari zima nililikariri bila kulielewa.

Chuo kilipofunguliwa, nikamuuliza mkufunzi swali lile lile. Darasa likacheka. Yeye akaweka chaki mezani. "Haya, nani anajua?" Waliocheka wakainamia madaftari yao. Ndipo akatueleza jinsi mmea unavyotumia usiku akiba ya mchana, na kipindi kizima kikaishia hapo. Sikufeli tena.

Kwa hiyo uliza, Rehema, hata wakikucheka. Wanaocheka nao hawajui. Nimewafundisha miaka mingi, nawafahamu.

Ni mimi bibi yako, nisiye na shaka nawe.