Dole Gumba la Idarusi

Mabawa, Tanga
4 Machi 1954

Mwanangu Uweso,

Salamu nyingi. U mzima? Mimi sijambo, ila miguu bado yanisumbua.

Nimesikia umekuwa mnyapara wa walinzi hapo shamba la mkonge, nikafurahi. Kisha naambiwa umemwajiri Idarusi! Mlinzi yule yule aliyemfunga baba yako na kumpiga rungu mpaka akafa, akidai ameiba kamba ambayo wala hakuiiba! Akamdanganya hakimu eti marehemu alianguka, akaachiwa. Una moyo gani wewe? Mimi nataka alie kama nilivyolia.

Mama yako


Shambani
20 Machi 1954

Mama, shikamoo.

Homa yangu imekwisha. Pole kwa miguu, jikande maji ya moto.

Tulia, mama. Nimemwajiri makusudi. Siku hizi mlinzi akishamkamata mtu haruhusiwi kumgusa. Ampeleke polisi, basi. Akimpiga, jela. Kazi yangu ni kumsomea kila mlinzi mpya kanuni hizo, kisha atie dole gumba kitabuni kuwa amesomewa. Idarusi hajui kusoma. Dole ametia, mimi sikumsomea hata neno moja. Rungu nimempa kwa mkono wangu. Namjua, hatakaa muda mrefu bila kumpiga mtu.

Mwanao, Uweso


Shambani
11 Septemba 1954

Mama, shikamoo. Miguu yaendeleaje?

Piga vigelegele! Idarusi kafungwa miaka saba. Alimkuta kibarua mmoja, Manase, na kipande cha kamba, akamfunga, akampiga. Mahakamani akaapa hakusomewa kitu. Hakimu akafungua kitabu, akamwonyesha dole lake. Alilia, mama! Nilitoka nje kucheka. Manase naye hakupona, maskini. Mkewe, Ruthi, amehamia huko kwetu Mabawa kwa dada yake.

Mwanao, Uweso


Mabawa, Tanga
19 Septemba 1954

Uweso,

Leo sikuulizi hali.

Vigelegele nilipiga, hata majirani wakaja. Kisha nikaendelea kusoma, nikafika kwa Manase.

Nimekwenda kumpa Ruthi pole. Ana mimba kubwa. Nimemkuta amelikumbatia shati la mumewe, hataki lifuliwe. Nami la baba yako sikutaka lifuliwe, unakumbuka. Akaniuliza, nani alimpa mtu kama yule rungu?

Mimi ndiye niliyekuchochea, na hilo nitalisema mbele ya hakimu. Lakini barua yako ya Machi nimempa Ruthi. Kesho asubuhi nampeleka nayo polisi, kwa miguu yangu hii hii. Usikimbie.

Mimi,
Mjane wa baba yako