Duara Nililolifuta

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla ya yote pole na uuguzi. Goti la mama limeanza kukunjika, au bado anakutuma kila kitu kisha anakukosoa ulivyokileta? Mwambie namkumbuka sana. Sisi huku tu wazima wa mwili. Hayo mengine utayasoma, na nakuomba uyasome umekaa.

Barua yako niliipata. Unaniomba radhi kwa niaba ya mumeo, kwamba amenitia aibu ghalani, mahali nilipomwombea kazi mwenyewe. Unasema umemwambia hurudi nyumbani mpaka apate akili. Kila nikifika hapo naiweka barua chini.

Nikueleze kidogo kazi yangu, maana hunitania kwamba nalipwa kwa kuchora viduara. Ni kweli. Mlango wa chumba cha baridi pale ghalani hauna akili, una hali tu. Kila duara kwenye mchoro wangu, ambao mlango huufuata, ni hali moja ya mlango, na kila mshale ni tukio linaloutoa hali moja kuupeleka nyingine: mtu kabonyeza kitufe, umeme umekatika, umeme umerudi. Mlango haukumbuki ya jana wala ya dakika iliyopita. Unajua tu uko kwenye duara gani. Na sisi wa fani hii tuna ulafi wetu. Mchoro wenye viduara vichache ndio unaosifiwa. Hali mbili zikijibu sawasawa kwa kila mfuatano wa matukio, tunaziunganisha ziwe moja.

Utaratibu wa pale ni kwamba anayeingia hubonyeza kitufe cha kijani, ili mlango ujue ndani mna mtu. Siku ile shemeji aliingia kupanga maboksi, mlango ukajifunga nyuma yake kama kawaida. Umeme ukakatika, ukarudi. Alipovuta mpini wa ndani atoke, mlango ukagoma. Aligonga mpaka mikono ikafa ganzi, na kama dereva mmoja asingerudi kuchukua boksi alilolisahau, leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine kabisa. Vidole vyake viwili mpaka sasa havina hisia.

Mkuu wa ghala alituita ofisini. Alisema mlango hauwezi kumfungia mtu aliyebonyeza, kwa hiyo huyu hakubonyeza, na yeye hafanyi kazi na wazembe. Shemeji alisema anakumbuka vizuri kwamba alibonyeza. Mkuu akanigeukia, akaniuliza kama mlango unaweza kukosea. Nikajibu kwamba mchoro ulihakikiwa. Mumeo alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

“Kama shemeji kasema hivyo,” akasema, “basi nitakuwa nilisahau mimi.”

Akaachishwa kazi palepale. Jioni alikuja kwangu kuniomba msamaha kwa kuniharibia jina. Nami, dada, nikampa msamaha huo, nikamkaribisha na chai.

Alibonyeza. Nilikuwa nimekwisha kujua kabla sijaingia ofisini, kwa sababu niliufungua mchoro mara tu niliposikia. Hali ya “umefungwa, ndani hamna mtu” na hali ya “umefungwa, ndani mna mtu” nilizifanya moja. Nilizijaribu kwa tukio moja moja, kisha kwa mawili yakifuatana, zikajibu sawa, nikafurahi, nikafuta duara moja. Tofauti yao ilikuwa kwenye tukio la tatu: umeme ukatike, urudi, kisha mpini wa ndani uvutwe. Pakiwa patupu mlango unatakiwa ugome, usije ukafunguka kwa boksi lililouegemea mpini na baridi ikatoka. Pakiwa na mtu ufunguke. Mlango wangu haukuwa tena na mahali pa kukumbukia kwamba shemeji yumo. Na mchoro huo ndio niliopigiwa makofi kazini. Nilinyamaza kwa sababu ya makofi tu, hakuna sababu nyingine. Sina pa kuuficha uso wangu.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu yote. Mumeo anarudi kazini Jumatatu. Mimi nimeambiwa nisubiri nyumbani. Kutoka huko nilikwenda kwenu nikamwambia na yeye. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekumbatia kikombe cha chai apashe vile vidole, akacheka kidogo.

“Usimwandikie dada yako,” akaniambia. “Mimi alishazoea kunigombeza. Wewe hajawahi.”

Nimetembea njia nzima nalia, na nilipofika nimechukua kalamu.

Msalimie mama, na akiuliza nimeandika nini, msomee usiruke kitu. Halafu mwandikie mumeo leo hii, yeye kwanza. Ukishamaliza naye, nigombeze mimi, na tafadhali usinihurumie.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda