Leso ya Mkwe Wangu

Jumanne. Mvua imetupiga tangu alfajiri, kiwanja chetu hapa Munuki, Juba, kimekuwa uji, na mimi nimeshinda nikipigana na uji wa kweli. Mgongo unauma. Moyo uko vizuri, asanteni kwa kuuliza, ingawa najua hakuna aliyeuliza.

Niandike kabla sijasinzia.

Mke wa mwanangu ni Mkenya, wa Bungoma. Sisi tunamwita Mama Poni. Kwao alisomea kufundisha watoto wadogo, lakini tangu aolewe huku hajafundisha mtoto wa mtu, amefundisha wake tu, hapa hapa nyumbani. Yupo Poni, ambaye mdomo wake ni redio isiyozimwa. Yupo Lado, anayekula kila kitu pamoja na sabuni. Na yupo Kiden, kitinda mimba, anayetembea sasa lakini bado anataka ziwa kama mtu aliyezaliwa jana. Mwanangu anaendesha lori barabara ya Nimule. Watoto wanamjua kwa honi kuliko kwa sura.

Wiki iliyopita shule moja ya chekechea kule Nyakuron ikamwita Mama Poni. Njoo Jumanne tukuone unavyofundisha, tukipendezwa unaanza kazi. Alifurahi, kisha akamtazama Kiden. Kazi hiyo ilikuwa na adui mmoja tu, na adui huyo anavaa nepi.

Kiden hataki kikombe. Hataki kijiko. Hataki chupa. Mama yake alipaka shubiri pale panapopakwa, mtoto akapangusa kwa kiganja, akakunja uso, akaendelea. Haya si mambo ya baba mkwe kuandika, najua. Mlaumuni Poni, ndiye mtangazaji.

Jumapili nikamsikia Mama Poni akimwambia jirani, "Nitakaa tu nyumbani. Hakuna neno." Lakini alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishang'aa zamani.

Kwetu, mtoto wa kuachishwa ziwa anapelekwa kwa habuba yake. Bibi anamlaza kwake, anampa uji, anamdanganya danganya, na mtoto anarudi kwa mama yake amesahau. Habuba wa nyumba hii alikuwa mke wangu, na yeye ametutangulia. Hakuna wa kupelekewa mtoto.

"Niko mimi," nikasema.

Mama Poni akatazama chini. Hanitazami usoni, ndiyo adabu ya kwao. "Wewe, Baba?"

"Mimi si bibi, lakini nimezeeka kama bibi."

Akafunika mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Basi leo asubuhi akatoka taratibu, gauni la bluu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Kiden alikuwa bado amelala. Hebu fikiria unaamka unatafuta maziwa, unakuta mzee mwenye ndevu.

Alilia. Sisemi alilia kama mtoto. Alilia kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Nikampa uji wa wimbi wenye njugu za kusaga. Akaupiga kofi, kikombe kikamwangukia Lado, Lado akalamba. Nikaimba. Sauti yangu ni ya jenereta lenye maji kwenye mafuta, kwa hiyo akalia zaidi. Nikawa ng'ombe, nikawa mbuzi, nikawa boda boda, nikazunguka rakuba yetu, kile kibanda cha turubai tunachokaa kivulini, mpaka magoti yakagoma. Wakati huo huo Lado anataka kwenda haja, Poni anataka kusukwa, kuni zimelowa na zinatoa moshi bila moto. Namaliza moja, mawili yamezaliwa. Na huyu mwanamke anafanya haya kila siku, amebeba mmoja mgongoni, na bado anakumbuka kuloweka maharage ya kesho!

Nakiri jambo. Haijafika hata saa nne asubuhi nilishika simu nimwite arudi. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Nilijua nikibonyeza tu atakuja mbio, na Nyakuron hataiona tena.

Nikamwita Poni. "Chukua hii simu, ficha mahali ambapo mimi siwezi kujua."

Kazi kama hiyo mtoto haulizi mara mbili. Alirudi mikono imejaa unga, na akanipa ushauri ambao sikuuomba.

"Jidu," akasema, maana ndivyo wajukuu wa huku wanavyomwita babu, "anataka leso ya mama. Analala nayo. Inanuka mama."

Hapo mnielewe. Kwa watu wa Mama Poni, baba mkwe hagusi nguo ya mke wa mwanawe. Hata kwetu si mchezo. Leso! Kitu anachojifunga mwilini! Angekuwepo mke wangu angenipiga kwa mwiko, kisha angeita wazee wenzangu wanimalizie kwa maneno.

Lakini sauti ya Kiden ilianza kukatika. Kilio kilikuwa kinatoka vipande vipande, na kati ya vipande alikuwa anatetemeka. Mtoto wa namna hiyo huwezi kumwekea mila.

"Ilete," nikasema. "Lakini unifunge wewe. Mimi nitafumba macho."

"Kwa nini?"

"Nisipoona, sijagusa."

"Jidu, utakuwa umegusa."

"Nyamaza, funga."

Akanifunga begani, vile akina mama wa Juba wanavyofunga lawa, lile shuka lao la begani. Ni leso ya manjano, ina maua mekundu. Nilipofumbua macho, kichwa cha kwanza kukiona kilikuwa cha Mama Keji, jirani yetu, juu ya ukuta wa mabati. Sijui nani alimwita. Mambo ya aibu yana filimbi yake.

"Ee, Mzee! Wewe naolewa lini?"

"Leo. Leta mbuzi."

"Mbuzi iko. Lakini bibi harusi iko na ndevu!"

Alicheka mpaka ndoo aliyosimamia ikapinduka. Nilisikia kishindo, na bado alikuwa anacheka kutoka chini.

Na Kiden alikuwa amenyamaza.

Harufu ilikuwa imemfikia. Akaja na vimiguu vyake, akapanda magotini kwangu, akazamisha uso ndani ya leso. Akatafuta upande huu. Akatafuta upande ule. Akainua kichwa akanitazama kama mteja aliyefungua mfuko wa sukari akakuta mchanga.

Sikucheka. Nikachukua kijiko, nikanywa uji mimi mwenyewe, nikalamba midomo kama mlevi. Akaniangalia. Nikanywa tena. Mdomo wake ukafunguka kidogo sana, nikapitisha kijiko hapo hapo kabla hajabadili mawazo.

Akameza.

Akameza, jamani!

Poni akapiga kigelegele. Nikamwambia anyamaze, asimkumbushe mtoto kwamba tuko vitani. Kijiko kingine kikaingia. Na kingine.

Ndipo debe la unga likaanza kuimba.

Simu yangu. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Poni akachimba unga kama panya, na alipoitoa ilikuwa imezimika kabisa. Mimi sikuthubutu kuinuka. Lakini mama aliyepiga simu nyumbani na hakujibiwa hangoji kupiga tena. Haukupita muda, boda boda ikasimama nje, nikasikia miguu inakimbia kwenye matope mpaka getini.

Geti halikufunguliwa. Mabati yetu yana tundu, na kwenye tundu nikaona jicho.

Jicho hilo liliona nini? Liliona baba mkwe, mtu mzima, mjane, amekaa chini ya turubai amejifunga leso yake, mtoto magotini, uji mpaka kwenye ndevu.

"Baba?" Sauti ndogo.

"Usiingie," nikasema nikitazama kikombe, kama naongea na kikombe. "Anakula."

"Anakula?"

"Anakula. Hii leso nitaieleza siku nyingine, mbele ya mashahidi."

Nikamsikia anacheka. Halafu kicheko kikageuka, nikasikia anavuta makamasi. Mimi mtu wa utani, nikatafuta utani, sikuuona. Alitaka mtoto aweze bila yeye. Sasa mtoto anaweza bila yeye, na yeye yuko nje ya geti la nyumba yake, bila shaka ameshika viatu.

"Baba, nirudi?"

Sikujua anauliza kurudi wapi. Nadhani hata yeye hakujua.

Kiden akainua kichwa. Alikuwa ameisikia ile sauti. "Mama," akasema, akageukia geti.

Angeshuka magotini pale, akaanza kulia, Mama Poni angeingia, na mambo yangeishia hapo. Nyakuron wangetafuta mwalimu mwingine, na sisi tungerudi kwenye sufuria inayosuguliwa bila sababu. Sikumshika mtoto. Nilinyoosha kijiko tu.

Akatazama geti. Akanusa leso. Akafungua mdomo.

"Rudi kazini, mama," nikasema. "Watoto wa watu wanakungoja."

Miguu ikakaa kidogo. Kisha nikaisikia inaondoka, chwapa, chwapa, na boda boda ikawaka.

Jioni amerudi na matope mpaka magotini. Wamempenda. Wamemwambia aje kesho pia, na kesho kutwa, mpaka wamchoke. Kiden alimrukia, akatafuta kidogo, akakosa, akalalamika kwa lugha yake, akalala begani. Mama Poni alimbeba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tukamwachia.

Leso nilikuwa nimeivua, Poni ameitundika kwenye kamba ndani. Mkwe wangu akaiona, akaniona mimi, akatazama chini. Nikajiandaa kwa kesi.

"Baba," akasema, "msiifue. Harufu itatoka."

Akaenda kuosha miguu.

Mke wangu angesema nini sijui. Nadhani angecheka kwanza, mwiko ungefuata.

Siku moja haimsahaulishi mtoto, sijidanganyi. Kesho atanikuta tena mimi na ndevu zangu, atalia tena, na magoti niliyo nayo ni haya haya. Lakini unga wa wimbi nimeshauloweka. Nitaweza mpaka Ijumaa? Wewe mzee, utaweza?