Chaki Yangu Ilipanda, Hadithi Ikabaki Siku ya Tisa

Mpendwa mshauri, nishike mkono kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ya thelathini na sina pa kujificha. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na mwezi huu tumeingia watu wanne kwenye shindano la kuandika riwaya, kila mtu yake, kwa siku thelathini: mimi, kinyozi wa mlango wa pili, muuguzi mstaafu tunayemwita Dada Mkubwa, na dereva wa lori aliye likizo. Tunakutana kwangu asubuhi kabla ya kazi, tunazunguka meza ya kukatia, hakuna anayesema neno, unasikia kalamu na birika tu, mwanga unaingia polepole juu ya vitambaa na mimi naona kama chumba kizima kinaelea, na tangu mume wangu afariki sijawahi kuwa na furaha ya namna hii. Tukimaliza kila mmoja anaandika idadi ya maneno yake kwa chaki kwenye kitambaa cheusi nilichotundika ukutani. Siku ya tisa hadithi yangu ikaganda, nikaona haya, nikaongeza maneno elfu moja na mia saba kwenye namba yangu, uongo mtupu, na tangu hapo nainama pale nachora kola na mikono ya magauni huku nawasikiliza wenzangu wakipumua, na chaki yangu inapanda tu. Juzi kinyozi ananiambia, "Mama Sindano, wiki ya pili nilitaka kuacha. Nikaona namba yako, nikasema huyu mama na macho yake mabovu yale anaandika, mimi nani nishindwe?" Amemaliza, na ukurasa wa kwanza ameandika kwamba riwaya hiyo ni zawadi kwangu. Jumamosi kila mtu anasoma sura yake ya mwisho. Nimefikiria kusema naumwa, lakini Dada Mkubwa atakuja na kipimajoto. Nikisema ukweli nitawapoteza, nikinyamaza nitakaa nao kama mgeni. Nifanyeje?

Mama Sindano

Mama Sindano, pole, ila aibu hiyo ionje kidogo, unaistahili. Kukwama si kosa, kila anayeandika hukwama. Kosa lako ni kukaa karibu wiki tatu meza moja na watu watatu ambao wangekusaidia, ukawapa namba badala ya shida yako. Hao ndio unaoogopa kuwapoteza, na hujawahi kuwajaribu.

Usingoje Jumamosi. Kesho nenda kwa kinyozi kabla hajafungua, umwambie yeye kwanza, na usianze kulia kabla hujamaliza kusema. Atanuna, mwache anune, ana haki. Lakini riwaya ameiandika kwa mkono wake na uongo wako hauwezi kumnyang'anya hata ukurasa mmoja. Akitaka kufuta jina lako, mpe kalamu. Kisha rudi kwenye kile kitambaa cheusi, ufute namba zako peke yake, uandike idadi yako ya kweli, hata ikiwa ndogo kiasi gani.

Jumamosi soma kurasa za siku zako tisa mpaka zinapokatika. Usikimbie. Vumilia. Mmoja wao atauliza, "Halafu ikawaje?" Hapo usibuni kitu, mama. Wasogezee daftari katikati ya meza, useme, "Nimekwama hapa."