Tuzo Haliagizwi, Mwanangu

Zuhura mwanangu,

Salamu nimempa kaka yako Idi akufikishie, na za majirani wa hapa Berea amekwisha kuzituma. Humu sina nafasi ya salamu. Nimekasirika, na mtu mwenye hasira akianza kwa habari za afya na hali ya hewa huishia kusema uongo.

Naandika kwa Kiswahili makusudi, tena nitamwambia Idi aiweke barua hii wazi kwenye simu, pale Waswahili wa Johannesburg wanaposomea mambo yao. Wewe ulisimulia habari zangu mbele ya ukumbi mzima wa watu nisiowajua wala hukuniuliza. Basi na mimi nasimulia. Ukikwama kwenye neno, uliza. Kitaliano cha nyimbo zako ulikiuliza neno kwa neno, mpaka mwalimu wako wa Randburg akasema unakitamka utadhani umezaliwa kwao. Mimi nikikusemesha kwa lugha niliyokulelea, ulinijibu kwa Kiingereza ukasema ulimi wako mzito. Ulimi ule ule.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifanyia mazoezi ya kuimba bafuni? Ulisema sauti inajaa vizuri mle kwa sababu ya vigae. Mpangaji wa juu akigonga sakafu, wewe ndiyo kwanza unapanda. Mama Chantal wa mlango wa pili, Mkongomani wetu wa Bukavu, alikuwa akiacha mlango wake wazi ili wateja anaowasuka nywele wakusikie. Mimi nje ya bafu na haja zangu, nasubiri malkia wa Ulaya amalize kulia.

Siku moja nilikuwa napiga pasi, nikakuuliza mbona kila wimbo ukikaribia kwisha unarudi tena mwanzo, huoni unachosha watu? Ulitoka na taulo shingoni, ukacheka, ukakaa juu ya ndoo ukanieleza. Ulisema nyimbo hizi za michezo ya kuigiza ya zamani zina sehemu ya kwanza, halafu ya pili inayokwenda njia nyingine, kisha ya kwanza inarudi. Na ikirudi, mwimbaji haiimbi vile vile. Anaitia madoido yake mwenyewe, anapanda pasipopandwa, anashuka anapotaka. "Mara ya kwanza ni ya mtunzi, Mama," ulisema. "Mara ya pili ni yangu." Ulisema kwa Kiingereza, lakini nilielewa vizuri kuliko unavyodhani, na maneno yale nikayaweka moyoni.

Ndipo ukaja ule mwaka wa 2016 na onyesho lako la kwanza la ukubwani, kwenye ule ukumbi wa Newtown. Nilifunga duka mapema, nikajifunga kanga yangu nzuri, nikamchukua Mama Chantal. Yeye alivaa kitenge cha kanisani na viatu vilivyomuuma tangu tuliposhuka kwenye teksi. Tulikaa katikati, karibu na njia. Watu walikuwa kimya kama wamefiwa. Mama Chantal alifungua peremende, wakageuka watatu kutuangalia.

Halafu vikaingia vyombo, nikamfinya Mama Chantal paja kwa furaha. Ulikuwa umeniambia tu kwamba ni vyombo vya zamani, vilivyotengenezwa upya kama vilivyokuwa enzi hizo. Hukuniambia kwamba navijua! Fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo. Udi, jamani, udi wenye shingo ndefu kupita kimo cha mpigaji. Na kile kinanda ambacho ndani nyuzi zinadonolewa badala ya kugongwa, sauti yake ilinipeleka moja kwa moja kwenye kanuni, ile ala ya nyuzi ya harusi za kwetu Tanga. Wakaanza kutia sauti, wanakaza uzi, wanalegeza, wanasikilizana, muda unakwenda. Hata hilo ni letu. Nikamwambia Mama Chantal, hii ni taarabu, imekosa ngoma ya dumbaki tu.

Mtu aliyekulia kwenye taarabu anajua kazi yake. Mwimbaji anaimba, nawe unasikiliza mpaka lije neno linalokugusa. Likikugusa hukai. Unainuka na noti mkononi, unakwenda mbele polepole ukicheza kwa mabega, huna haraka, watu wakuone ni wewe uliyeguswa, kisha unamtuza. Huwa humlipi. Unamjibu. Mwimbaji asiyetuzwa anarudi nyumbani akijiuliza amekosea wapi.

Usiseme hukujua. Kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu hapa hapa Johannesburg, ukiwa mdogo hujaanza shule, nilikubeba kiunoni mpaka mbele nikakupa noti umpe mwimbaji. Ulimpa vizuri. Halafu ukaona ameiweka kifuani ukaangua kilio, unataka akurudishie, ukumbi mzima ukacheka na yule mama akaimba huku anakubembeleza. Picha yake ninayo. Basi hilo la kutuza ulilijua kabla hujajua kusoma.

Ulitoka na gauni la kijani ukaimba nyimbo kadhaa, na kila moja ikiisha wanapiga makofi ya adabu, mimi nimejizuia. Kisha ukafika kwenye ule wa malkia aliyesalitiwa, niliousikia bafuni mpaka ningeweza kuuimba mwenyewe. Sehemu ya kwanza ukaimba vizuri. Ya pili, ile anapokuwa peke yake na hasira imemwishia, ukaimba mpaka Mama Chantal akavua kiatu na kusahau kukivaa. Halafu ukarudi mwanzo. Ukapanda pale juu, ukakaa huko, ukaichezesha sauti kama marehemu bibi yako alivyokuwa akifanya akitwanga, na hakuna aliyekufundisha kwa kuwa hukumkuta. Nikajua hapa sasa si mtunzi, hapa ni mwanangu. Nikainuka.

"Ikala, Mama Zuhura!" Mama Chantal akanivuta kanga nikae. "Batu banatuangalia!"

Waniangalie. Nilikwenda kwa mwendo wetu, bila kelele wala kigelegele, ingawa kilinifika kooni. Mpiga udi aliniona, akatabasamu. Nikafika mbele yako, nikakunyooshea noti. Uliniona, Zuhura. Macho yako yalitua kwenye macho yangu, na huku unaimba, hukukosea hata noti moja ya wimbo, ukanipa bega. Nikabaki nimenyoosha mkono. Akaja kijana wa mlangoni akanishika kiwiko, kwa upole, sikatai, akanitoa. Mwisho wa wimbo nimeusikia nikiwa nje ya ukumbi, mlango umefungwa, na makofi yalipolipuka na mimi nilipiga, peke yangu, karibu na vyoo.

Hilo ningelimeza. Ulikuwa kazini, na kazi ina taratibu zake. Lakini baadaye ulipotoka na wale wageni wako na bibi mmoja akakuuliza kama unanifahamu, ulisema tu, "It's fine." Swali lilikuwa jepesi, mwanangu. Jibu lake ni neno moja ambalo hata mtoto wa mwaka mmoja analiweza.

Nyumbani tulipozozana ulisema, "Mama, pale watu hawainuki."

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Mimi si mtu?"

Ukasema, eish, Mama, ukaingia chumbani. Baada ya muda ukapata nafasi yako ya masomo Uholanzi ukaondoka. Uwanja wa ndege tulikumbatiana vizuri, na hilo la Newtown hatukuligusa tena. Nilidhani limekwisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikaufungia kabatini pamoja na ile kanga.

Mwaka jana Idi akaja na simu. "Mama, njoo uone, Zuhura anakuongelea." Nikavaa miwani. Umesimama kwenye ukumbi mzuri, nyuma yako vyombo vile vile, na kabla hujaimba wimbo wa malkia unawasimulia watu. Idi alinitafsiria pale nilipopotea. Unasema kwamba Johannesburg, katika onyesho lako la kwanza, mwanamke mmoja aliinuka katikati ya wimbo akaja kukupa pesa. Watu wakacheka, kicheko kizuri, si cha dharau. Unasema kwamba zamani, nyimbo hizi zilipokuwa mpya, wasikilizaji hawakukaa kama mawe. Walipiga kelele, walirusha maua, walidai wimbo urudiwe. Unasema mwanamke yule aliuelewa muziki huu kuliko wote mliokuwamo ukumbini. Wakapiga makofi. Walinipigia mimi makofi, Zuhura, na hawajui ni nani wanampigia.

"Lakini anakusifu, Mama," Idi akasema.

Anamsifu nani? Mwanamke mmoja! Mwanamke mmoja ndiye aliyekupeleka Randburg kila Jumamosi na kukaa juu ya ukuta wa jirani wa mwalimu mpaka umalize, jua na mvua? Mwanamke mmoja ndiye aliyeshona lile gauni la kijani na kulifumua na kulishona tena kwa kuwa ulisema linakubana mbavu ukivuta pumzi? Pale Newtown niliponyoosha mkono ulinikana kwa aibu. Kule Uholanzi umenikana kwa sifa. Kati ya hivi viwili, cha pili kimeniuma zaidi, kwa sababu safari hii hukuwa na haya yoyote ya kukuzuia kusema mama yangu. Sitaki kukutupia ule msemo wa mkataa kwao. Naushikilia hapa mdomoni.

Na sasa haya mapya. Unakuja kuimba Johannesburg na kundi lako zima. Nilifurahi, sifichi. Nilianza hata kuulizia samaki wa kukupikia. Kisha Idi akanifungulia ujumbe wako wa sauti nikausikia mwenyewe, kwa Kiingereza chako cha haraka. Mama apewe kiti pembeni mwa njia. Wimbo wa malkia ukirudi mwanzo, mpiga fidla atamwangalia, hiyo ndiyo ishara, Mama ainuke aje na noti, kama siku ile. Kijana wa mlangoni ameshaambiwa asimzuie. Na kama ile kanga bado ipo, aivae. Watu watapenda sana.

Umeniandalia mpaka nguo! Idi haoni tatizo. "Si utaenda tu, Mama? Dakika moja, sharp, imekwisha." Mama Chantal naye amecheka mpaka machozi, anasema nidai mshahara wa mwigizaji. Nimeshindwa kuwaeleza. Nimekaa na ujumbe wako huu siku kadhaa, kila jioni namwambia Idi anifungulie tena.

Nitakueleza wewe, labda utaelewa, kwa kuwa hata ukikataa, kitu hiki kimo ndani yako. Mcheza kwao hutuzwa. Sawa. Lakini tuzo haliagizwi. Mwimbaji hamwambii msikilizaji nitakapofika hapa guswa. Mwimbaji hajui ni nani ataguswa leo, na ndiyo maana anaimba kwa bidii. Ukinipa ishara, mimi si msikilizaji tena. Nimekuwa chombo kingine cha zamani jukwaani, nimetiwa sauti, nasubiri kupigwa. Siku ile uliyonipa bega, angalau nilikuwa mtu aliyeguswa kwelikweli. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mara ya pili ni ya mwimbaji. Ukiiratibu hivi, hiyo mara ya pili itakuwa ya nani?

Kwa hiyo jibu langu kwa ujumbe wako ni hapana. Kiti cha pembeni mpe mwingine. Mwambie mpiga fidla aangalie fidla yake.

Usidhani nakususia. Nilikusubiri uimbe tena hapa tangu mlango ule ulipofungwa mgongoni mwangu, na nakutamani, Zuhura, nakutamani mpaka naamka nikiwa nimekukasirikia upya kwa sababu hupo nikukasirikie uso kwa uso. Nitakuja. Tiketi nitakata mwenyewe, nikae nitakapopata, na nitavaa ninachotaka. Nitasikiliza kama nilivyolelewa kusikiliza. Kuna jambo moja tu nakudai. Kabla ya wimbo wa malkia, ukitaka kuwasimulia kisa chako, wasimulie, lakini safari hii sema yule mwanamke alikuwa nani, na ulisema nini alipoulizwa. Sema kwa lugha yoyote. Kama huwezi, basi usikisimulie kabisa, imba tu.

Kisha uimbe. Sitakuahidi kitu. Ukinigusa utaniona nikija, na hapo nishikwe na nani. Usiponigusa nitakaa na mkoba wangu mapajani kama wenzangu, nitapiga makofi ya adabu, na utajua.

Safiri salama, ule vizuri, shingo uifunge maana huku baridi imeanza.

Mama yako mzazi,
na jina langu ni Mwanaidi.